Sindano Mbele ya Kamera: Mtazamaji na Picha za Chanjo katika Taarifa ya Habari

Kuanzia Desemba 2020 hadi mwisho wa mwaka 2021, taarifa za habari za televisheni katika nchi nyingi zilirudia picha ya aina moja usiku hadi usiku: mkono wa nguo unapandishwa, ngozi ya bega inafutwa kwa pamba, sindano inaingia na kutoka, kisha aliyechanjwa anaitazama kamera na kutabasamu. Walioirusha picha hiyo walikuwa na nia inayoeleweka, kwa kuwa walitumaini kwamba mwananchi akishuhudia kiongozi wake, daktari wake au bibi wa makamo yake akichanjwa na kubaki salama, shaka yake itapungua. Hata hivyo, watazamaji hawakuipokea kwa namna moja. Wapo waliotulia na kwenda kupanga foleni, wapo waliogeuza uso au kubadilisha stesheni kwa sababu mwili wao haukustahimili kuona sindano, na wapo walioirudia video hiyo katika simu mara kumi wakitafuta ushahidi kwamba wanadanganywa. Miitikio hiyo mitatu ina sababu zinazoweza kuelezwa, na ukizichunguza kwa makini zinaelekea kwenye hitimisho moja: picha ya sindano ikiingia mwilini ina nguvu ndogo ya kushawishi kuliko wanavyodhani wahariri na maofisa wa afya, ilhali uso na maneno ya mtu anayeaminika vina nguvu kubwa, na mara nyingi vitu hivyo viwili huchanganywa kana kwamba ni kimoja.

Desturi ya kuchanjwa hadharani ni ya zamani kuliko UVIKO-19. Chanjo ya polio iliyobuniwa na Jonas Salk iliidhinishwa nchini Marekani tarehe 12 Aprili 1955, na ndani ya mwezi huohuo ikapata pigo, kwa kuwa baadhi ya dozi zilizotengenezwa na maabara ya Cutter ya California zilikuwa na virusi ambavyo havikuuawa ipasavyo, watu wapatao 200 wakapooza na 10 wakafariki. Kasoro hiyo ilirekebishwa na chanjo ikaendelea, lakini vijana waliobalehe hawakujitokeza kwa wingi, wengi wao wakiamini kwamba polio ni ugonjwa wa watoto wadogo. Tarehe 28 Oktoba 1956 mwimbaji Elvis Presley, aliyekuwa na umri wa miaka 21, alichanjwa mbele ya wapiga picha katika studio ya CBS jijini New York kabla ya kutumbuiza katika kipindi cha Ed Sullivan. Tukio hilo husimuliwa mara kwa mara kana kwamba ndilo lililowabadilisha vijana wa Marekani, na hapo msomaji anapaswa kuwa mwangalifu, kwa sababu kampeni ya miaka ile iliwahusisha pia vijana wenyewe, ambao walipita nyumba kwa nyumba wakizungumza na wenzao na kuandaa dansi ambazo hakuruhusiwa kuingia ila aliyechanjwa. Picha ya mwimbaji ilifungua mazungumzo. Kazi yenyewe ilifanywa mitaani.

Mfano wa pili una funzo chungu zaidi. Mwaka 1976 serikali ya Marekani ilianza kuchanja umma dhidi ya mafua ya nguruwe, na mwezi Oktoba wazee watatu wa Pittsburgh wakafariki muda mfupi baada ya kuchanjwa, habari zikaenea, na majimbo kadhaa yakasimamisha zoezi. Tarehe 14 Oktoba Rais Gerald Ford alichanjwa Ikulu mbele ya kamera ili kuwaondolea watu hofu. Vifo vya Pittsburgh havikuthibitika kuwa vilitokana na chanjo, lakini ilipofika Desemba mpango mzima ulisitishwa, kwani kati ya watu zaidi ya milioni 40 waliochanjwa kulionekana ongezeko la ugonjwa wa Guillain-Barré, ambao kinga ya mwili huzishambulia neva na kuleta udhaifu au kupooza, kwa kiasi cha takriban mgonjwa mmoja wa ziada kwa kila watu 100,000. Mkono wa rais ulithibitisha kwamba rais ameikubali chanjo, wala haukuweza kuthibitisha lolote zaidi ya hapo, kwa sababu dhara linalompata mtu mmoja kati ya laki moja haliwezi kuonekana kwa kumtazama mtu mmoja, awe mkubwa namna gani. Huu ndio mpaka wa kwanza wa picha ya chanjo, na ni mpaka ambao waandaaji wa kampeni hawapendi kuutaja, ingawa kuutaja mapema kungewakinga dhidi ya lawama za baadaye.

Kampeni ya UVIKO-19 iliirithi desturi hiyo na kuikuza. Tarehe 8 Desemba 2020, katika hospitali ya chuo kikuu mjini Coventry, Uingereza, Margaret Keenan, bibi wa miaka 90, alikuwa mtu wa kwanza duniani kupewa chanjo ya Pfizer na BioNTech nje ya majaribio, akichomwa na muuguzi May Parsons, mzaliwa wa Ufilipino. Rais mteule wa Marekani, Joe Biden, alichanjwa mbele ya kamera huko Delaware tarehe 21 mwezi huohuo; Rais Joko Widodo wa Indonesia akafuata tarehe 13 Januari 2021; na Rais Cyril Ramaphosa wa Afrika Kusini akachanjwa tarehe 17 Februari katika hospitali ya Khayelitsha, jijini Cape Town, siku chache baada ya serikali yake kuiweka kando chanjo ya AstraZeneca na kuchukua ya Johnson & Johnson. Nchini Kenya mpangilio ulikuwa tofauti, kwa kuwa chanjo zilipozinduliwa tarehe 5 Machi katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, wa kwanza alikuwa Dkt. Patrick Amoth, kaimu mkurugenzi mkuu wa afya, na Rais Uhuru Kenyatta akachanjwa majuma matatu baadaye.

Wapo pia waliokataa kamera. Malkia Elizabeth wa Pili alichanjwa tarehe 9 Januari 2021, na umma ukapewa taarifa fupi bila picha, taarifa ambayo Waingereza walio wengi waliipokea bila kuhoji. Rais Vladimir Putin wa Urusi alichanjwa tarehe 23 Machi faraghani, msemaji wake akieleza kwamba rais hapendi kufanyiwa jambo hilo mbele ya kamera, na maswali yakazuka papo hapo kuhusu kama kweli amechanjwa na kwa chanjo ipi. Tofauti ya mapokezi hayo inaonyesha kwamba mtazamaji huja mbele ya runinga na kiasi fulani cha imani alichonacho tayari, na kwamba picha, iwepo au isiwepo, hupimwa kwa kiasi hicho.

Kwa Tanzania suala hilo lilikuwa zito kuliko kwingi. Tarehe 27 Januari 2021 Rais John Magufuli, akiwa Chato, alizitilia shaka hadharani chanjo za kutoka nje na kuitaka Wizara ya Afya isiharakie kuzipokea. Alifariki Machi mwaka huohuo, na mrithi wake, Rais Samia Suluhu Hassan, akaunda kamati ya wataalamu iliyoshauri nchi ijiunge na COVAX, yaani mpango wa kimataifa wa kugawana chanjo. Dozi 1,058,400 za Janssen ziliwasili Dar es Salaam tarehe 24 Julai, na siku nne baadaye Rais akachanjwa Ikulu huku televisheni zikirusha tukio hilo mubashara. Kilichostahili kuzingatiwa siku ile kilikuwa katika hotuba zaidi kuliko katika sindano: Rais alijieleza kama mama, bibi, mke na Amiri Jeshi Mkuu, mtu mwenye wengi wanaomtegemea na asiye na sababu ya kujitia hatarini, akaongeza kwamba mwilini mwake tayari mna chanjo alizopewa tangu utotoni na ameishi nazo kwa miaka 61. Maelezo hayo yalimpa mtazamaji hoja anayoweza kuirudia kwa jirani yake, hasa mama aliyebeba kadi ya kliniki ya mwanawe na anayejua kwamba mtoto huyo ameshachanjwa dhidi ya kifua kikuu, polio na surua. Hata hivyo, katika majuma hayohayo Askofu Josephat Gwajima, mbunge wa Kawe, alikuwa akiwahubiria waumini wake wasikubali kuchanjwa, na video zake zilipita katika simu zilezile zilizopitisha picha za Ikulu. Mtazamaji mmoja aliletewa wasemaji wawili wenye hadhi, na sindano haikuweza kumwamulia.

Sababu moja ya sindano kushindwa kuamua imo mwilini mwa mtazamaji. Mwaka 2005 Alessio Avenanti na wenzake wa Italia walichapisha utafiti ambao watu wenye afya njema walionyeshwa video ya sindano ikizama katika msuli wa mkono wa mtu mwingine, huku mwitikio wa misuli yao wenyewe ukipimwa. Ilionekana kwamba msuli uleule unaochomwa katika video hupunguza utayari wake wa kutikisika katika mwili wa anayetazama, kana kwamba umejikunja kujikinga, ilhali video ya mkono ukiguswa kwa pamba haikuleta badiliko hilo. Mwaka mmoja kabla, Tania Singer na wenzake walikuwa wameonyesha jijini London kwamba sehemu za ubongo zinazohusika na uchungu wa maumivu huamka mtu anapojua kwamba mpenzi wake anaumizwa, hata kama yeye haguswi. Kwa hiyo mtu anayefumba macho taarifa ya habari inapofika kwenye chanjo hapaswi kuchekwa wala kuitwa mwoga, kwa maana mwili wake unafanya kazi ambayo miili yote huifanya, ila kwake imezidi kiwango.

Kwa baadhi ya watu kiwango hicho huzidi mno, na wataalamu wa saikolojia hukiita hofu ya damu, sindano na majeraha. Hofu hii inatofautiana na hofu nyingine zote zinazojulikana. Anayemwogopa nyoka au kimo kirefu hupandwa na mapigo ya moyo na shinikizo la damu, na huwa tayari kukimbia. Anayeogopa sindano huanza hivyohivyo, kisha ghafla neva iitwayo vagasi, inayoteremka kutoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni, hupunguza kasi ya moyo, mishipa ya damu hulegea, shinikizo hushuka, ubongo hukosa damu ya kutosha, na mara nyingi mtu huzirai. Inakadiriwa kwamba watu watatu au wanne katika kila mia wana hofu hii kwa kiwango cha ugonjwa, lakini walio na hofu nyepesi zaidi ni wengi. Daniel Freeman wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzake waliwauliza watu wazima 15,014 wa Uingereza mwanzoni mwa 2021, wakakuta kwamba karibu robo yao walionyesha dalili za kuiogopa sindano kupita kiasi, kwamba watu hao walikuwa na uwezekano wa takriban mara mbili wa kusitasita kuchanjwa, na kwamba hofu ya sindano peke yake huenda ilieleza sehemu moja ya kumi ya kusita kote kulikoonekana katika nchi ile. Watu wa namna hiyo si lazima wawe wamesadiki uvumi wowote. Walichohitaji ni msaada wa namna nyingine kabisa, na taarifa ya habari iliwapelekea usiku kwa usiku kitu kilekile walichokiogopa, kikiwa kimekuzwa na kamera hadi kuenea kioo kizima.

Inafaa kueleza ni kwa nini kamera hufanya hivyo, kwa sababu mara nyingi hakuna nia mbaya. Habari nyingi za chanjo hazina picha zake zenyewe: waziri ametia saini mkataba, shehena imechelewa, shirika fulani limeidhinisha dozi ya nyongeza, na mhariri ana sekunde 40 za maneno zinazohitaji kufunikwa kwa picha. Katika ghala la chumba cha habari mna picha za sindano zilizopigwa zamani, zenye mwendo na zisizohitaji maelezo, basi huchukuliwa hizo, na sindano ileile huingia bega lilelile katika habari ya bajeti, ya siasa na ya usafiri. Mtazamaji mwenye hofu huiona mara tano kabla ya utabiri wa hali ya hewa. Zaidi ya hayo, picha ya karibu hupotosha ukubwa wa kitu, kwani sindano ya kuchanjia mtu mzima begani huwa na urefu wa takriban milimita 25 na wembamba usiofikia milimita moja, lakini katika runinga ya ukutani huonekana kama msumari. Katika mwambao wa Afrika Mashariki, na popote ambapo mwanamke wa Kiislamu husitiri mikono yake, kuna jambo jingine ambalo wapiga picha hawalizingatii ipasavyo: mama anayeona wenzake wameanikwa mabega mbele ya taifa anaweza kuhofia kamera kuliko anavyohofia chanjo, na zahanati inayomhakikishia pazia humtendea haki.

Mwitikio wa tatu, ule wa kushuku, ulikuwa na sauti kubwa kuliko mingine. Katika nchi nyingi zilisambaa video fupi zilizodai kwamba sindano ya kiongozi fulani ilikuwa tupu, kwamba ncha yake ilitoweka, au kwamba alichochomwa ni maji. Sehemu kubwa ya madai hayo ilitokana na vitu vilivyoonekana kweli ila havikueleweka. Dozi ya Pfizer ilikuwa mililita 0.3, yaani karibu matone sita, na dozi za AstraZeneca na Janssen zilikuwa mililita 0.5; kiasi hicho, kikiwa ndani ya bomba la sindano lililoshikwa mkononi, hakionekani kwa urahisi katika runinga. Yako mabomba yaliyotengenezwa kwa namna ambayo, dozi ikiisha kusukumwa, springi huirudisha ncha ndani ili isimchome muuguzi, na mtu asiyeyajua huona ncha "imetoweka". Yapo pia yanayojifunga yakitumika mara moja, ambayo WHO na UNICEF walihimiza tangu 1999 yatumike katika chanjo zote ili kuzuia kurudiwa kwa sindano na maambukizi ya virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Hata kutovuta bomba nyuma kabla ya kusukuma dawa, ingawa wauguzi wa zamani walifundishwa kulivuta na baadhi ya watazamaji walitarajia hivyo, ni mwongozo wa WHO kwa chanjo, kwa sababu kuvuta huongeza maumivu bila faida. Jijini Jakarta, mkono wa daktari aliyemchanja Rais Widodo ulionekana kutetemeka, na nchi nzima ikaujadili mkono huo. Maelezo ya kibinadamu, kwamba mzee wa watu alikuwa akimchoma rais mbele ya mamilioni, hayakuwatosha waliokuwa wameshaamua kushuku.

Lakini si haki kusema kwamba kila aliyeshuku alikuwa mjinga. Mwanzoni mwa 2021 nchini Brazil, ndugu za wazee waliokuwa wakipiga video kwa simu waligundua kwamba baadhi ya wahudumu walichoma sindano bila kusukuma dawa, au walichoma bomba lisilo na kitu, na matukio hayo yalichunguzwa na kuthibitishwa katika miji kadhaa; Wabrazili wakayaita chanjo ya upepo. Mexico nayo ilipata tukio la aina hiyo jijini Mexico City mwezi Aprili, na mzee aliyehusika akachanjwa upya. Katika visa hivyo picha ilikuwa mtetezi wa mwananchi, na mamlaka zilizokiri kosa mara moja zilifanya jambo la maana sana, kwani anayeambiwa ukweli mchungu leo huwa na sababu ya kuamini habari njema kesho. Televisheni ingeweza kutoa mchango wa pekee hapa kwa kumwonyesha mtazamaji hatua zote polepole: kichupa kinatolewa kwenye jokofu, jina na tarehe yake vinasomwa kwa sauti, dawa inavutwa, kiasi chake kinaonyeshwa dhidi ya alama za bomba, kisha bomba tupu linaonyeshwa baada ya kuchoma. Maelezo ya dakika mbili ya aina hiyo, yakisimamiwa na muuguzi wa zahanati ya wilayani, yangejibu maswali mengi kuliko picha 50 za viongozi wanaotabasamu.

Hatari iliyo kubwa zaidi hutokea pale kamera inapomnasa mtu akianguka. Tarehe 17 Desemba 2020, katika hospitali moja ya Chattanooga, Tennessee, muuguzi aliyekuwa ametoka kuchanjwa alizirai alipokuwa akizungumza na waandishi wa habari. Aliamka baada ya dakika chache, akaeleza mbele ya kamera hizohizo kwamba ana hali ya kuzirai kila anapopata maumivu, lakini kipande kilichoenea duniani kilikuwa kile cha kuanguka, na kwa miaka kadhaa wapo walioamini kwamba alifariki, ingawa yuko hai. WHO imelipa tukio la aina hii jina refu linaloweza kuelezwa kwa Kiswahili kuwa ni mwitikio wa msongo unaotokana na kuchanjwa: kizunguzungu, kuhema haraka, kuzirai, wakati mwingine kutetemeka au kulegea viungo, vyote vikisababishwa na hofu, maumivu na mazingira, na wala si na dawa iliyomo katika bomba. Anayepatwa na hali hiyo haigizi. Maumivu yake ni ya kweli na anastahili huduma. Ila hali hiyo huweza kuenea kwa macho, kwa maana anayemwona mwenzake akianguka hujichunguza mwili wake na kuanza kuhisi vivyo hivyo, na televisheni huongeza idadi ya wanaoona.

Mji wa El Carmen de Bolívar, kaskazini mwa Kolombia, ulilishuhudia hilo mwaka 2014. Wasichana waliokuwa wamechanjwa dhidi ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, walianza kuzirai na kulalamika ganzi, picha zao wakipelekwa hospitalini mikononi mwa wazazi zikarushwa nchi nzima, na wagonjwa wakaongezeka hadi kufikia mamia. Taasisi ya afya ya taifa ilichunguza na haikupata uhusiano na chanjo, lakini imani ilikuwa imekwishavunjika: kiwango cha uchanjaji, kilichopita asilimia 80 mwaka 2012, kilishuka hadi asilimia 14 kwa dozi ya kwanza mwaka 2016. Nchini Japani picha za televisheni za wasichana waliotetemeka viungo zilitangulia uamuzi wa serikali wa Juni 2013 wa kuacha kuihimiza chanjo hiyo, na uchanjaji ukaporomoka kutoka takriban asilimia 70 hadi chini ya asilimia moja. Himizo halikurejeshwa hadi Aprili 2022. Ni miaka karibu tisa, na wasichana waliokuwa wa kuchanjwa katika kipindi hicho wamekua bila kinga ambayo ingeweza kuwazuilia saratani. Mtu anayejali maisha ya wanawake hawezi kusoma takwimu hizo bila uchungu.

Ireland ilipita njia hiyohiyo, kisha ikarudi, na namna ilivyorudi ndiyo inayostahili kusomwa kwa makini. Baada ya filamu ya televisheni ya mwaka 2015 iliyowaonyesha wasichana waliodai kudhuriwa, uchanjaji wa HPV ulishuka kutoka asilimia 87 hadi karibu asilimia 50. Mwaka 2017 Laura Brennan, mwanamke kijana wa kaunti ya Clare aliyekuwa na saratani ya mlango wa kizazi isiyotibika, aliomba mwenyewe kusaidia kampeni ya serikali, akaonekana katika televisheni na mikutano akizungumza na wazazi, pasipo kuwatisha wala kuwakemea, kuhusu ugonjwa ambao chanjo ingeweza kumwepusha nao. Alifariki Machi 2019 akiwa na miaka 26, na kufikia wakati huo kiwango kilikuwa kimepanda hadi takriban asilimia 70. Katika ujumbe wake sindano haikuwa na nafasi kubwa; kilichowafikia wazazi ni binti aliyefanana na mabinti zao, aliyesema jambo alilolijua kwa mwili wake.

Tanzania nayo ina ushahidi wa kufanana na huo katika historia yake fupi ya UVIKO-19. Uzinduzi wa Ikulu haukujaza vituo kwa haraka kama ilivyotumainiwa. Idadi ilipanda kwa kasi baadaye, hasa mwaka 2022, wahudumu wa afya walipopeleka chanjo sokoni, vijijini na milangoni mwa watu, wakifuatana na wenyeviti wa vijiji na viongozi wa dini waliojulikana kwa majina. Mtu aliyekaa mbele ya runinga hawezi kuiuliza swali, lakini anaweza kumuuliza muuguzi aliyeketi barazani kwake.

Mwenye hofu ya sindano pia anaweza kumweleza muuguzi huyo, ambaye anazo njia za kumsaidia zisizogharimu chochote: kumlaza badala ya kumketisha, kumweka pembeni na foleni, kumzungumzisha jambo jingine, na kumfundisha mbinu iliyobuniwa na Lars-Göran Öst wa Sweden katika miaka ya 1980, ambayo mtu hukaza misuli ya mikono, miguu na kiwiliwili kwa sekunde 10 hadi 15 mpaka ahisi joto usoni, akaachia kwa sekunde 20 au 30, akarudia mara tano, na kwa njia hiyo huinua shinikizo lake la damu kabla halijashuka. Mbinu hiyo haijulikani vya kutosha Afrika Mashariki, na ingeweza kufundishwa katika kipindi chochote cha afya kwa muda usiozidi dakika tatu.

Suala hili halikwisha na UVIKO-19. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya HPV kitaifa Aprili 2018 na Kenya Oktoba 2019, na Aprili 2024 Tanzania ilianza kutoa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Wasichana hao huchanjwa shuleni, darasa zima kwa zamu, katika umri ambao hofu ya sindano na kuzirai huonekana zaidi kuliko utu uzimani, na kila kampeni inapozinduliwa kamera za habari huingizwa ndani ya chumba na kusogezwa karibu na bega la mtoto wa kwanza, wenzake wakiwa wamepanga mstari nyuma yake wanatazama. Kwa mhariri anayetaka picha ya siku hiyo, ipo ya mwalimu akijibu maswali ya wazazi chini ya mwembe, ipo ya muuguzi akionyesha kichupa na kueleza kilichomo, na ipo ya wasichana wenyewe baada ya kumaliza, wakipumzika kwa dakika 15 zinazotakiwa, wakizungumza kwa hiari yao kama wazazi wao wameridhia. Mlango wa chumba cha kuchanjia unaweza kubaki umefungwa.